Dondoo muhimu: Seva ipi iguse kiendeshi kipi cha tepu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za mtu azilinde zisipotee wala kuharibiwa. Kama nakala rudufu za taarifa hizo ziko kwenye maktaba ya tepu, anzia hapa:

1. Orodhesha kila seva, kila kiendeshi na namba yake ya utambulisho kabla ya kugusa swichi.

2. Ipe kila seva zoni yake (kundi la vifaa vinavyoruhusiwa kuonana) kwenye swichi ya fiba, pamoja na viendeshi vyake tu. Kosa kubwa ni kuziweka zote zoni moja “kwa muda”: seva moja ikiwashwa upya inaweza kurudisha tepu mwanzo huku nyingine inaandika, na nakala rudufu iliyoharibika hivyo hugundulika siku inapohitajika, wakati umeshachelewa.

3. Mkono wa roboti wa maktaba uamriwe na seva moja tu.

4. Usipitishe diski na tepu kwenye kadi moja ya fiba.

5. Kiendeshi kikibadilishwa, hakiki namba; kipya kinaweza kuja na yake, zoni isikitambue.

6. Seva ikiondolewa kazini, futa ruhusa zake siku hiyohiyo. Hili husahauliwa mno.

7. Weka nakala ya mipangilio ya swichi mahali pengine.

8. Kila baada ya badiliko, andika faili ya majaribio kwenye tepu tupu, kisha irejeshe na uifungue.