Mjomba ananiita Chanika, dalali ananiita Changanyikeni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 20, natoka Njombe. Nimechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwaka wa kwanza, na jina langu limetoka awamu ya kwanza ya Bodi ya Mikopo. Bweni niliomba, nikakosa. Mama ameuza viazi akanipa 450,000 na kusema hakuna nyingine mpaka mavuno yajayo.

Mjomba wangu anaishi Chanika. Amesema niende nikae kwake bure. Lakini dada mmoja aliyesoma Mlimani ameniambia kutoka huko nitaunganisha magari, na nauli ya kwenda na kurudi haitapungua 2,500 kwa siku. Tena mke wa mjomba amejifungua juzi na dada wao wa kazi ameondoka.

Kwenye grupu la WhatsApp la mwaka wa kwanza nimepata mwenzangu anayetaka tuchangie chumba Changanyikeni. Kodi 80,000 kwa mwezi. Dalali anataka miezi sita, na kwanza tumtumie 50,000 ya kushikia chumba maana kuna watu wengine wanakitaka. Ametutumia picha, chumba ni kizuri, kina vigae. Yupo pia binti wa kwetu aliye mwaka wa tatu, amesema atanibeba Hall, yaani nilale naye kitandani kwake bwenini. Mama anasema nikikataa kukaa kwa kaka yake nitamtia aibu. Nifanye nini?

Mwanachuo mtarajiwa, Njombe

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa.

Tuanze na lile la haraka. Hiyo 50,000 usiitume. Mwambie na mwenzako asiitume. Picha ya chumba chenye vigae inaweza kuwa ya Changanyikeni, ya Tegeta au ya mji mwingine kabisa, na dalali uliyemjua kwa namba ya simu ukimtumia hela leo, kesho simu haipatikani. Madalali waaminifu wapo, na wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki kama wengine, ila hata mwaminifu hukwambia uje uone. Kila Oktoba na Novemba watoto wa mikoani wanaliwa hivi hivi, na maneno huwa yale yale: kuna mtu mwingine anakitaka. Mwache akichukue.

Sasa mjomba, maana naona hapo ndipo usingizi unapokupotea.

"Bure" ya Chanika tuipigie hesabu. Nauli 2,500 kwa siku, siku 22 za masomo kwa mwezi, ni 55,000. Nusu yako ya kodi Changanyikeni ni 40,000. Kwa hiyo kwa mjomba ungelipa zaidi, isipokuwa ungemlipa kondakta badala ya mwenye nyumba. Na hapo hatujagusa muda. Vipindi Mlimani huanza saa moja asubuhi na vingine vinaisha usiku. Ili ufike kumbi za Yombo pale chuoni saa moja ukitokea Chanika, utatoka nyumbani alfajiri watu wamelala, na kurudi utakuta chakula kimepoa na mtoto analia.

Ndiyo, nimemwona huyo mtoto kwenye barua yako. Hukulalamika, lakini umemtaja, na umetaja na dada wa kazi aliyeondoka, kwa hiyo wewe mwenyewe umeshajua. Hakuna ubaya wowote kwa mke wa mjomba; mzazi aliyejifungua anahitaji mikono, na binti wa miaka 20 akiwa ndani ya nyumba mikono hiyo ni ya kwake. Hatakuomba, na wewe hutakataa. Utapika, utafua nepi, utambeba mtoto mama yake akioga, na hutamlaumu mtu kwa sababu kweli hakuna wa kumlaumu. Test ya kwanza ikija ndipo utajua ulikuwa unaishi wapi.

Kukataa kupo kwa namna. Wa kuzungumza na mjomba siyo wewe, ni mama yako. Huyo ni kaka yake. Ampigie yeye, amshukuru, amwambie ratiba ya chuo ni ya asubuhi na usiku na barabara ni ndefu. Nauli asiitaje, maana mjomba mwenye moyo atasema atakulipia, na hapo mtakuwa mmefungwa wote. Halafu, na hili ndilo litakalomwondolea mama aibu, ukishuka basi la Njombe nenda kwanza kwa mjomba. Kaa wiki ile ya kwanza. Msaidie mkewe kwa mikono miwili. Kutokea kwake ndipo utafute chumba, ukiwa na mtu mzima wa kwenu anayejua uko wapi na unamlipa nani. Ukiweza, mjomba mwenyewe aje siku ya kuandikishana. Mwenye nyumba akiona binti amekuja na mjomba wake, maneno mengine anayameza.

Na hapo sisemi kwa mzaha. Ukikuta chumba ambacho kodi yake iko chini sana kuliko vya jirani bila sababu unayoiona, na mwenye nyumba anakwambia kwa tabasamu kwamba kwako wewe kodi "tutaongea", ondoka. Usiage.

Tuje kwenye fedha. Wengi wanaotafuta chumba wanauliza kodi ni shilingi ngapi. Mimi ningekuuliza inalipwa kwa miezi mingapi, maana hapo ndipo mwanafunzi anapochinjwa. Boom, ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, kiwango chake kilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na inakuja kwa mafungu ya siku kama 60, yaani 600,000 hivi kwa fungu kwa anayepata kiwango hicho. Kwa mwaka wa kwanza lile fungu la kwanza lina tabia ya kuchelewa. Mpaka usajili ukamilike, akaunti ihakikiwe. Sasa mtu anayepokea kwa miezi miwili miwili anadaiwa miezi sita kwa mkupuo, kabla hajapokea hata senti. Semista yenyewe ni kama miezi minne. Miezi sita mara mbili ni mwaka mzima wa kodi, na katikati kuna likizo ndefu utakayokuwa Njombe, chumba chako kikilaliwa na panya.

Tazama kwa bei yako. Miezi sita ya 80,000 ni 480,000. Weka kodi ya mwezi mmoja ya dalali, jumla 560,000, kila mmoja wenu 280,000. Unabaki na 170,000 ya godoro, ndoo, mtungi mdogo wa gesi na kula mpaka boom itoke. Mkikubaliwa miezi minne, kila mmoja anatoa 200,000, unabaki na 250,000. Hiyo 80,000 ya tofauti ndiyo itakayokulisha boom ikichelewa. Mimi ningechukua chumba cha 90,000 chenye mwenye nyumba anayepokea kwa semista kuliko cha 70,000 kinachotaka miezi sita.

Atakubali? Wengine watakataa. Lakini ujue hakuna sheria inayomlazimisha kudai sita; ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na miezi ni makubaliano yenu. Nyumba zinazozunguka Mlimani zinaishi kwa wanafunzi, na wenye nyumba hizo wanaijua kalenda ya chuo kuliko baadhi ya wahadhiri. Omba kwa adabu, omba mapema, na omba ukiwa umeshika hela mkononi. Kuna pia hosteli za watu binafsi, Survey na Changanyikeni kwenyewe, zinazotoza kitanda kwa semista. Usizidharau. Ukienda huko, usihesabu vitanda tu. Uliza choo kimoja kinatumiwa na wangapi.

Huyu mwenzako wa WhatsApp ndiye ninayemwogopa kuliko dalali. Simsemi vibaya, simjui, na wewe pia humjui. Shida yangu ni hii: nafasi za bweni hazijaisha kabisa. Kuna wanaopangiwa na hawaripoti, na vitanda vyao hugawiwa upya wiki za mwanzo. Hosteli za Magufuli pekee zilipofunguliwa Aprili 2017 zilikuwa majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kuna Mabibo, kuna Hall za zamani, na bado wanaoomba ni wengi kuliko vitanda. Siku mwenzako akipata kitanda cha bei ya chuo, atakuacha na chumba cha 80,000 peke yako. Na wewe ukipata, utamfanyia vile vile. Kwa hiyo kabla ya kulipa kaeni chini, si kwenye simu, mkubaliane anayeondoka kabla ya semista kuisha haondoki na kodi yake; labda alete mtu wa kuziba nafasi. Muandike, msaini. Muulizane na yale ya aibu: nani anarudi saa ngapi, wageni wanalala au hawalali, mtapika pamoja au kila mtu na sufuria yake. Swali la mgeni wa kiume liulizeni mapema. Nimepokea barua nyingi za wasichana wanaokaa nje kwenye ngazi wakisoma kwa tochi ya simu kwa sababu mwenzao ana mgeni ndani.

Chumba chenyewe nenda mara mbili, mchana na saa mbili usiku. Mchana angalia ukuta chini, karibu na sakafu: kama rangi imevimba au kuna mstari wa udongo, maji huingia. Unahamia wakati wa vuli, na masika inakuja Machi. Changanyikeni kuna miinuko, barabara za ndani mvua ikinyesha ni utelezi tu, lakini afadhali utelezi kuliko mabondeni kuelekea Mto Mlalakuwa. Fungua bomba. Likitoa hewa, usikubali kuambiwa "leo tu". Toka nje umuulize Mangi wa duka la jirani maji yanatoka siku gani na ndoo inauzwa bei gani. Mangi hana chumba cha kupangisha kwenye nyumba ile, atakwambia. Kisha tafuta luku iko wapi na inahudumia vyumba vingapi. Kama mnachangia na mwenye nyumba, sikiliza kama kuna friji inanguruma kwake, na pampu ya maji, maana mtagawana kwa vichwa na si kwa matumizi, na wewe una balbu moja na chaja.

Usiku nenda kwa miguu kutoka maktaba mpaka mlangoni. Dalali atakwambia dakika tano kutoka chuoni, na hatakuwa amedanganya. Mpaka wa chuo uko dakika tano, Yombo na maktaba ziko mbali tena baada ya hapo, na katikati kuna miti. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 inachukua watu 2,100 kwa mara moja na utaizoea, utakuwa unatoka humo usiku baada ya diskasheni. Kama njia ina giza, kila usiku utamlipa bodaboda, na hiyo nayo ni kodi. Angalia na nondo za dirisha, na kama komeo la mlango liko ndani.

Kubebwa Hall, na huyo binti wa kwenu Mungu ambariki kwa moyo huo, chukulia ni daraja la wiki mbili. Sheria za mabweni haziruhusu, na mkikamatwa anayepoteza kitanda ni yeye, tena akiwa mwaka wa tatu. Kitanda cha mtu mmoja kinalalwa na wawili siku za mwanzo kwa vicheko. Mwezi wa pili mnalala kwa kupeana migongo. Ukiishi kwake, nunua sabuni, nunua chakula, na lala na vitu vyako ndani ya begi.

 

Kwa hiyo mpango wangu kwako: kwa mjomba kwanza, chumba cha kuchangia kwa miezi minne baada ya kukiona kwa macho, Hall iwe akiba ya dharura, na orodha ya bweni uendelee kuifuatilia mpaka waseme imefungwa. Siku ya kulipa, mkataba uandikwe majina yenu wote wawili, tarehe ya kuingia na kutoka, na namba ya luku. Upelekeni ofisi ya serikali ya mtaa, upigwe muhuri. Kodi iende kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lililoko kwenye mkataba, na ada ya dalali mumpe yeye mkiwa mmeshika funguo.