Damu ya Mzee Anayesahau

Tumeulizwa katika vikundi: je, kupima damu kunaweza kuonyesha ugonjwa wa kusahau? Ndiyo, kwa kiasi. Katika ugonjwa wa Alzheimer (jina geni, lakini ugonjwa tunao vijijini), protini za amiloidi na tau hujikusanya ubongoni, na dalili zake huonekana kwenye damu. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii, kwa watu wazima ambao tayari wana shida ya kukumbuka. Si cha kupima kila mtu, na peke yake hakitoshi.

Lakini hata vipimo vya kawaida vina kazi. Ukosefu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende: yote huvuruga akili, na yote yana dawa. Kwa hivyo nyanya akiuliza swali lile lile mara tano, au akipotea njia ya sokoni, msiseme amerogwa, au eti ni uzee tu. Mpelekeni hospitali. Bebeni dawa zote anazomeza, maana zingine huleta kusahau. Asindikizwe na anayeishi naye. Huyo ndiye ataeleza mambo yalianza lini.