Kompyuta ya Mzee Nyumbani: Nani Ashike Ufunguo?



Somo la robo hii linahusu chombo ambacho miaka ishirini iliyopita kilipatikana ofisini kwa mchungaji tu, tena kikiwa kimefunikwa kitambaa kisiingie vumbi. Siku hizi kompyuta ipo sebuleni kwa mwalimu mstaafu, kwa mwinjilisti aliyemaliza utumishi wake, na kwa mama mjane ambaye mwanawe aliyeko ng'ambo amemtumia ili aonane na wajukuu. Wengine ndio waandishi wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na daftari lote la kikundi limo ndani ya mashine hiyo.

Katika ziara za diakonia, swali tunaloulizwa na familia huwa ni hili: mama amezeeka, anabofya kila kitu, kumbukumbu imeanza kupungua; je, tumwondolee hiyo kompyuta? Ushauri wetu ni kwamba msiiondoe. Kwa mzee ambaye miguu haimfikishi tena ibadani, barua pepe na picha za wajukuu si anasa. Lakini ni vema ikaeleweka kwamba ndani ya kompyuta kuna haki mbili tofauti. Iko haki ya kuitumia, na iko haki ya kuibadilisha, yaani kuweka programu mpya, kuzima ulinzi, kugusa mipangilio. Katika nyumba nyingi haki hizo mbili zimewekwa mkononi mwa mtu mmoja bila yeye kujua. Mwachieni mzee haki ya kwanza yote. Hiyo ya pili, kwa ridhaa yake, ishikwe na mtu mwingine.

Madhara huingiaje? Mara nyingi yanaingia kwa mlango wa mbele, tena yanakaribishwa. Mzee anasoma habari, mara kioo chote kinakuwa chekundu, king'ora kinalia, na maandishi yanasema mashine ina virusi, piga namba hii haraka. Anayepokea simu ni tapeli. Anamwelekeza mzee aweke programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, AnyDesk kwa mfano. Programu hiyo yenyewe ni halali, mafundi wanaitumia kila siku. Ubaya ni kumpa mgeni. Microsoft wenyewe wamekwisha kusema kwamba maonyo yao ya hitilafu hayaweki namba ya simu. Kwa hiyo, onyo lolote lenye namba ya simu ni la uongo, bila haja ya kulichunguza zaidi. Mfundisheni mzee kuzima mashine kwa kukandamiza kitufe cha umeme mpaka izimike, kisha awaite ninyi. Wapo wanaoogopa kwamba kuzima hivyo kutaiharibu, lakini hatari hiyo ni ndogo sana kulinganisha na kupiga ile namba.

Sisi tumeshazoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi tunaucheka. Huu wa kwenye kompyuta ni ndugu yake, ila umevaa suti. Wafadhili wetu walioko Marekani wanaujua vizuri: taarifa ya mwaka 2023 ya kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni ilionyesha kwamba watu waliozidi miaka 60 walipoteza zaidi ya dola bilioni 3.4 kwa utapeli wa aina mbalimbali. Kwa hiyo hili si jambo la wazee wa vijijini wasiosoma. Wanaoibiwa wamo waliokuwa wahasibu na walimu wakuu.

Mlango mwingine ni flashi. Mzee anapeleka barua ya kikundi ikachapwe kwenye stesheni ya mjini, anarudi na flashi ambayo mafaili yake yamefichwa na mahali pake pamewekwa alama zinazofanana nayo. Akibofya alama hiyo, kirusi kinaanza kazi. Kuanzia Windows 7 ya mwaka 2009, programu iliyomo ndani ya flashi haijiendeshi yenyewe inapochomekwa, na mwaka 2011 Microsoft walisambaza zuio hilo kwa matoleo ya zamani pia, baada ya kirusi cha Conficker kilichoanza mwaka 2008 kusumbua dunia. Ndiyo maana virusi vya sasa vinamtegemea binadamu abofye. Njia rahisi ni kutuma barua kwa barua pepe kwenda hiyo stesheni na kuacha flashi nyumbani.

Na mlango wa tatu, niuseme tu ingawa utaudhi baadhi ya nyumba, ni mjukuu. Kijana anakuja likizo, anataka michezo ya bure na filamu, anakuta programu iliyovunjwa kufuli. Maelekezo yake yanamwambia kwanza zima kizuia virusi. Anazima. Likizo inakwisha, kijana anarudi shule, na bibi anabaki na nyumba iliyoachwa wazi.

Dawa ya msingi inatibu sehemu kubwa ya hayo, na haigharimu hata shilingi. Kompyuta ya Windows inapofunguliwa mara ya kwanza, akaunti ya kwanza huwa ni ya msimamizi, yenye mamlaka yote. Mzee aliyekabidhiwa mashine hivyo amepewa funguo za nyumba, stoo na sanduku la sadaka kwa pamoja. Tunachofanya ni kufungua akaunti ya pili. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, ongeza mtumiaji mwingine, mpe usimamizi, mwekee neno la siri. Toka, kisha ingia kwa akaunti hiyo mpya uhakikishe inafunguka. Ukiwa humo, ndipo uibadilishe akaunti ya mzee iwe ya kawaida. Fuateni mpangilio huo huo. Tena msimfungulie mzee akaunti mpya na kumhamisha. Ukishusha daraja ile aliyonayo, picha zake, mafaili yake na alama zote zilizoko kwenye kioo zinabaki pale pale zilipokuwa. Kwa mtu mwenye kumbukumbu dhaifu, kuhamishiwa kioo kipya kunaweza kumfanya aiache kompyuta kabisa.

Tangu hapo, programu ikitaka kugusa mfumo wenyewe, kompyuta itadai neno la siri la msimamizi. Mzee hanalo, na tapeli aliye kwenye simu hawezi kulipata kwake hata akimtisha. Mzee anaweza kusema kwa ukweli kabisa, "Mimi sina ufunguo, anao binti yangu." Sentensi hiyo imfundisheni kwa sababu inamwondolea mzigo wa kubishana na mtu mwenye maneno mengi.

Hata hivyo msidhani kazi imeisha. Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Zipo programu zinazojiweka kwa mtumiaji mmoja tu bila kuomba ruhusa, na zile za kuendesha kompyuta kutoka mbali, AnyDesk ikiwemo, zinaweza kufanya kazi bila hata kuwekwa. Kwa hiyo, mkiwa bado kwenye akaunti ya msimamizi, chagueni mpangilio wa kukubali programu kutoka duka la Microsoft pekee, maana unazuia nyingi zinazopakuliwa ovyo mtandaoni. Aidha, ingieni kwenye kivinjari anachotumia mzee mkazime arifa za tovuti. Tovuti nyingi huuliza, "Ruhusu?" na mzee mwenye adabu huruhusu. Baada ya hapo kona ya kioo inajaa maonyo ya virusi vya uongo, hata akiwa ameshaondoka kwenye tovuti ile. Familia nyingi zimelipa fundi kusafisha kompyuta nzima kwa tatizo ambalo dawa yake ilikuwa kuzima arifa hizo.

Kuhusu umri wa mashine, hapa nazungumza zaidi na wafadhili na kamati zinazopokea misaada. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel inahitaji, kwa sehemu kubwa, zile za kizazi cha nane na kuendelea, yaani za kuanzia mwishoni mwa 2017 au 2018. Tunawashukuru mno wanaotutumia kompyuta zilizotumika, ila tunaomba jambo hili liangaliwe kabla ya kulipia usafiri. Mashine zilizo chini ya hapo si za kutupa. Nyingi zinaweza kuwekewa Linux Mint au ChromeOS Flex bila malipo, na kwa mzee anayesoma barua pepe na kutazama picha zinatosha. Kisichofaa ni Windows ya kughushi inayowekwa mitaani kwa bei ya soda. Huwezi kuomba ulinzi kutoka kwa kitu kilichoingia kwa kuvunja mlango.

Sasa tunafika kwenye swali la kichwa cha habari, na kwangu ndilo zito kuliko mengine yote. Mwenye neno la siri la msimamizi anaweza kubadili neno la siri la mzee na kufungua mafaili yake. Akikuta WhatsApp imeachwa wazi, anaweza kusoma mazungumzo. Kwa hiyo, tukimlinda mama dhidi ya mgeni wa mbali, tunaweza kuwa tumemkabidhi kwa mtu wa karibu. Sote tumewahi kukaa kwenye vikao vya familia ambako aliyeliza wazazi wake hakuwa mgeni. Asipewe ufunguo yule mwenye madai juu ya shamba, wala anayemdai mzee fedha, hata kama ndiye mjuzi wa kompyuta kuliko wote. Ujuzi unaohitajika hapa ni mdogo, na mtu mwaminifu ataufundishika kwa saa moja.

Mzee mwenyewe achague. Aelezwe kwa lugha yake, bila kufokewa kama mtoto, ni nini kinafungwa na ni nini kinabaki wazi, na kwamba akitaka programu fulani ataomba na kuwekewa. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha na kugundishwa, litunzwe na mtu wa pili, ili mtunza ufunguo akisafiri au akifariki mashine isife naye. Bahasha ikifunguliwa, mzee aambiwe. Mazungumzo haya yafanyike mapema, wakati mzee bado anaweza kusema ndiyo na hapana akielewa maana yake. Tukingoja hadi ugonjwa wa kusahau ukomae, tutakuwa tunamwamulia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ikitokea madhara yameshaingia, ondoeni kwanza intaneti, kwa kuzima modemu au kuchomoa waya. Kisha, kwa simu nyingine, pigieni benki na kampuni ya simu ya mzee, mkabadilishe maneno ya siri mkiwa kwenye kifaa kingine, mkianza na la barua pepe kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Namba ya tapeli, ikiwa alituma ujumbe wa simu hapa Tanzania, itumeni kwenda 15040. Mzee asigombezwe mbele ya watu. Aliyeaibishwa mara moja ataficha mara ya pili, na saa zile za kwanza ndizo fedha inapoweza kuzuiwa.

Liko moja linalozihusu kamati moja kwa moja. Pale ambapo mwandishi au mhazini wa kikundi anatunza hesabu kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kamati idai nakala kila mwezi, siku ile ile ya kikao. Nakala iwekwe kwenye diski ya nje inayokaa ofisini, ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia kilichochomekwa. Na angalau mara mbili kwa mwaka, mtu mmoja afungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine aone kama hesabu zinasomeka. Kamati zitakazohitaji kijana wa kuja kuonyesha jinsi ya kushusha daraja la akaunti ziandike barua kupitia ofisi ya jimbo, zikitaja idadi ya kompyuta na aina ya Windows iliyomo.