Mwache Paka na Kidevu Chake, Mdogo Wangu

Kabla hujamsugua tena paka wako kidevu, weka chini huo mswaki, vuta kigoda, tuongee. Najua kilichotokea. Ulimwinua ukamtazama usoni, ukaona chini ya mdomo vichembe vyeusi kama pilipili manga iliyomwagika. Ukasema, huyu amechokora majivu ya nani tena? Ukachukua kitambaa, havikutoka. Ukachukua sabuni ya kufulia, havikutoka. Sasa akikuona na beseni anapanda juu ya bati na hashuki mpaka giza liingie. Wengi wenu mnaoniandikia kutoka Alexandra, Alex yetu hapa Joburg, mna kisa hicho hicho, na kila mmoja anadhani ni aibu ya nyumba yake peke yake. Si aibu. Na wala si uchafu.

Hizo ni chunusi, mdogo wangu. Usicheke. Paka ana tezi nyingi za mafuta kidevuni, na ndizo anazotumia kuacha harufu yake anapojisugua kwenye mguu wako, kwenye kona ya kitanda au kwenye fremu ya mlango. Mafuta yale yakizidi yakachanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu cha unywele huziba, na kilichoziba hugeuka cheusi. Kwa nini zimpate huyu na kumwacha ndugu yake wa tumbo moja, hata madaktari wa wanyama hawajafikia neno moja. Humpata dume na jike, mdogo na mzee. Mwingine huzipata mara moja zikaisha, mwingine huishi nazo zikija na kuondoka maisha yake yote. Na paka wengi wenye vichembe hivyo hawana habari navyo kabisa. Hawajikuni, hawalii, wanakula vizuri. Anayehangaika ni wewe.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo mnaponitia hofu. Chunusi hazimuui paka. Kinachoweza kumuua ni dawa unayokwenda kumpaka. Kila ua lina mjuzi wake. Mmoja atakwambia mpake Dettol, mwingine atasema Jik kidogo kwenye maji, wa tatu ataleta Jeyes Fluid kwa sababu kwao walimwogeshea mbwa, na wa nne atakuja na oili chafu ya gari kutoka kwa fundi. Wote wanakutakia mema, na wote usiwafuate. Mwili wa paka si wa mbwa, wala si wa mtu. Ini lake linashindwa kuvunja vitu vingi ambavyo la kwako linavivunja bila shida, na fenoli zilizomo kwenye Jeyes ni mojawapo. Halafu fikiria tabia yake: chochote ulichompaka, atakilamba. Dawa ya ngozi kwa paka ni dawa ya kumeza, utake usitake.

Kwa hiyo na hizo krimu zako za chunusi zilizo kwenye kabati, ziache zikae. Nyingi zina asidi ya salisili au peroksidi ya benzoili iliyo kali mno kwa ngozi yake. Krimu za kujichubua, ambazo nilishawagombeza juu yake na nitawagombeza tena, mara nyingi zina steroidi kali ndani yake. Mafuta ya mti wa chai, hata kama chupa imeandikwa kwamba ni ya asili, ni sumu kwake. Na ukimwonea huruma kwamba anaumwa, usithubutu kumpa panado. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Nimesema kimoja.

Basi tufanyeje, dada? Tuanze na chombo anacholia chakula. Najua paka wako anakula wapi: kwenye mfuniko wa kopo la aiskrimu la lita 2, au kwenye kopo la majarini lililokatwa nusu. Sikulaumu, sote tunatumia tulichonacho. Lakini plastiki hupata mikwaruzo midogo midogo, na humo mafuta na bakteria hujificha hata ukiosha. Kidevu kinagusa humo asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Mtafutie sahani ya kioo, ya udongo uliong'arishwa au ya stiili, tena iwe bapa asizamishe kidevu akila. Sahani moja ya zamani kutoka kabatini inatosha, usiende dukani. Ioshe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, uisuuze vizuri. Na siku bomba la uani linapokauka, yale maji uliyoweka ndooni toa kikombe kimoja kwa ajili yake. Haba na haba hujaza kibaba. Wapo paka ambao kidevu kilisafika kwa kubadilishiwa sahani tu.

Kisha kidevu chenyewe. Chukua kitambaa laini, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu uliyoyajaribu kwanza kwa mkono wako, kikamue, umwekee kidevuni dakika mbili tatu huku ukimsemesha. Mara moja kwa siku. Mguse taratibu, usimsugue, halafu mkaushe, hasa Juni na Julai, baridi ya Joburg isimkute na kidevu kilicholowa. Hakuna mswaki hapo, hakuna kucha. Tena nakuomba, hata kama mkono unawasha kwa hamu, usizikamue. Ukikamua, kile kilichoziba hupasukia ndani ya ngozi, bakteria wakapata njia, na kitu ambacho hakikuwa ugonjwa kikawa ugonjwa. Kama ni mtoto wa paka, mzoeshe mapema kushikwa uso. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini si kila cheusi ni chunusi, na hapa wengi mnachanganyikiwa. Inawezekana ni kinyesi cha viroboto. Jaribu hivi: chukua karatasi nyeupe ya chooni, ilowanishe, uweke vile vichembe juu yake. Vikiacha rangi ya wekundu wa kutu, ni damu iliyomeng'enywa, una viroboto. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna paka ambao kuumwa na viroboto wachache tu kunawatoa vipele vidogo vigumu mgongoni, shingoni na kwenye mkia, wanajilamba mpaka manyoya yanaisha. Huyo anahitaji dawa ya viroboto iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Usimpake ya mbwa ukapunguza kipimo. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, na permethrini humtia paka mtetemeko na kifafa, na huua.

Na zile pakiti ndogo zisizo na jina zinazouzwa barabarani pamoja na sumu ya panya, usizinyunyize kwa paka, usizinyunyize kitandani, usizilete ndani. Oktoba 2024, kule Naledi, Soweto, watoto 6 walikufa, na waziri wa afya akatangaza kwamba kilichowaua ni terbufosi, dawa ya mashambani ambayo watu walikuwa wakiuziwa mitaani kuulia panya. Sumu inayoangusha mtoto wa mtu haitamwonea huruma paka wako, hata akiipata kwa kula panya aliyekwisha kuinywa. Ukiwa na paka, mdogo wangu, chagua: paka au sumu. Viwili hivyo havikai chumba kimoja.

Kuna na choa, ambacho ni fangasi. Hiki nacho huanza usoni, masikioni au miguuni: manyoya yanatoka kwa kiraka, ngozi inabaki na magamba. Hiki kinaambukiza. Kama mwanao anayelala na paka ametokewa na duara jekundu linalowasha mkononi, au mapunye kichwani, usimpeleke mtoto kliniki ukamsahau paka, wala usimtibu paka ukamsahau mtoto. Wote watibiwe, mashuka yafuliwe, manyoya yafagiliwe, na dawa imalizwe hata kama kiraka kimeshaota manyoya. Chumba chenu ni kimoja na mnalala watano, najua. Ndiyo maana nakazia. Lakini usimtupe paka kule mtoni Jukskei kwa hofu. Choa kinatibika. Ukimtupa, fangasi umebaki nao kwenye blanketi, na umejiongezea dhambi.

Na wewe mwenye paka mweupe, au mwenye pua na ncha za masikio za waridi, njoo karibu. Mji huu uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua lake ni kali hata siku ya baridi. Paka wa rangi hiyo anayeota jua juu ya bati kila adhuhuri anaweza kuota kidonda kidogo sikioni au puani, kikatoa gaga, kikaanguka, kikarudi. Watu husema amepigana. Kumbe yaweza kuwa saratani ya ngozi inayoletwa na jua. Ikiwahiwa, daktari anaweza kukata ncha ya sikio na paka akaishi miaka. Ikichelewa, inamla uso. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidonda chochote cha usoni kisichopona baada ya wiki mbili si cha kusubiri, na usikishike kwa mikono mitupu.

Basi lini umpeleke kwa daktari? Kidevu kikivimba. Vipele vikiwa vyekundu, vikitoa usaha au damu. Akikataa kuguswa, akiacha kula, au akitoa mate na harufu mbaya mdomoni, maana wakati mwingine shida iko kwenye jino au ni jeraha la kung'atwa lililofunga usaha ndani. Hapo maji ya uvuguvugu hayatoshi. Daktari atakwangua ngozi kidogo aangalie kwenye darubini kama ni bakteria, fangasi au wadudu wa upele, kisha atakupa dawa inayostahili, pengine ya kupaka yenye klorheksidini iliyopimwa kwa paka, pengine ya kumeza kwa wiki kadhaa. Ukipewa ya wiki, imalize. Usiache siku ya nne kwa sababu kidevu kimependeza, wala usimgawie paka wa jirani iliyobaki.

Nasikia unavyoguna: dada, hela ya daktari ya wapi? Ndiyo, hospitali za wanyama za Sandton si za mfuko wako, nami sitajifanya sijui. Lakini SPCA ya Sandton, shirika la kulinda wanyama, iko upande wa Marlboro, jirani kabisa na Alex. Piga simu kwanza uulize siku za kliniki na masharti yao, ueleze hali yako bila kupamba. Mweke paka kwenye boksi lenye matundu, ulifunge kamba, utandike nguo yenye harufu ya nyumbani, ndipo upande teksi. Ukifika, sema ukweli wote: ulimpaka nini, mara ngapi, lini. Hata kama ni Jeyes. Hata kama ni oili. Daktari akijua anajua pa kuanzia, na ukificha unamtuma gizani. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na ukiwa pale, uliza pia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu sheria ya nchi hii inataka paka achanjwe kama mbwa.

Nimebakiza moja, nalo ndilo mnaloniandikia kwa aibu kuliko yote: watu wa uani watanicheka, wataniuliza tangu lini mtu wa chumba kimoja anampeleka paka hospitali. Wakumbushe wanaishi wapi. Alex, toka 1912 imekuwa ikijaa, nyumba moja ikizaa vyumba kumi uani, na panya wamejaa nayo. Panya wa hapa walisumbua mpaka bundi wakaletwa shuleni kuwawinda, na mwaka 2012 watu wakaahidiwa simu ya mkononi kwa kila panya 60 watakaowakamata. Bundi, simu, mitego, yote hayo. Na wewe una mnyama anayefanya kazi hiyo kila usiku kwa malipo ya mfuniko wa samaki. Anayekucheka analala usingizi kwa sababu ya paka wako. Mwache acheke, na umwombe nauli ya Marlboro.