Mkato Chini ya Pazia

Tazama marudio ya bao kwenye televisheni. Nembo ya ligi inaruka kutoka pembeni, inajaza kioo, inapita zake, na nyuma yake mpira umerudi miguuni mwa mshambuliaji aliyekwisha kufunga. Mtazamaji anaapa kwamba ile nembo ndiyo iliyoileta picha mpya. Haikuleta kitu. Fundi alikata picha kwa mkato mkavu wa kila siku, ila alikata wakati nembo imeziba kioo chote, na hakuna jicho lililouona mkato wenyewe.

Kwa hiyo video yenye uwazi unayoiweka juu ya picha haibadilishi chochote. Ni pazia: linafungwa, mkato unapita nyuma yake, linafunguka. Wengi wanaohangaika na mpito wa namna hii, unaoitwa stinga, kwenye programu za kurusha matangazo kama OBS Studio au vMix wana video nzuri mno ya kutazama, yenye cheche na mng'ao wa dhahabu, lakini haizibi. Programu inakata pale ilipoambiwa, na watu wanaufuata mkato kupitia matundu.

Unapotengeneza pazia, au unapolinunua, anza na fremu zilizofungwa kabisa. Tuseme stinga yako ni ya sekunde moja kwa fremu 30. Fremu 11 za kwanza umbo linaingia, kuanzia fremu ya 12 hadi ya 18 kioo kimezibwa pembe hadi pembe, zilizobaki umbo linatoka. Nukta ya mpito, yaani pale programu inapokata, iweke katikati ya ule ufungaji, yaani fremu ya 15, sawa na milisekunde 500. OBS inakuruhusu kuandika nukta hiyo kwa milisekunde au kwa idadi ya fremu. Mimi huandika fremu, maana ndizo ninazoziona ninapoitengeneza video. Anayetumia milisekunde akumbuke kwamba hesabu inabadilika na mwendo wa video: kwa fremu 30 kila fremu ni kama milisekunde 33, kwa fremu 25 ni 40 kamili, kwa fremu 60 ni chini kidogo ya 17. Fremu ya 15 iliyokuwa kwenye 500 inahamia 600 ukiitoa video ileile kwa fremu 25. Ukibadilisha mwendo na namba ukaiacha ilipo, mkato unasogea hadi ukingoni mwa ufungaji, karibu utangulie pazia.

Kwa nini fremu saba, wakati mkato unahitaji moja tu? Kwa sababu picha inayokuja mara nyingi haiko tayari. Faili la video lililopangwa kuanza pale sini, yaani mpangilio mmoja wa picha kwenye OBS, inapowashwa huchukua muda kidogo kuamka. Kamera iliyowekwa izimwe ikiwa haionyeshwi huchelewa zaidi, na hiyo ni bora uiache ikiwa hai muda wote. Laptopu iliyolemewa nayo inaweza kumeza fremu mbili tatu bila taarifa. Fremu saba kwa mwendo wa 30 ni takribani robo ya sekunde. Mtazamaji hazihesabu, na fundi anapata nafasi ya kupumua.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama pazia linaziba kweli. Tengeneza sini mbili tupu, moja imejaa rangi ya waridi kali, nyingine kijani kibichi. Rekodi mpito kati yake, kisha fungua rekodi kwenye VLC na usogeze fremu moja moja kwa kubonyeza herufi E. Ndani ya zile fremu za kufungwa, waridi au kijani ikichungulia popote, pazia lina tundu. Mara nyingi tundu liko pembeni, kwa sababu umbo limechorwa kwa ukubwa sawasawa na kioo na ncha zake zimelainishwa. Likuze lipite mipaka ya kioo pande zote. Mara nyingine umbo lenyewe limeachwa na uwazi wa asilimia mbili tatu ambao huuoni juu ya picha ya kawaida, ila juu ya waridi unajitangaza.

Moshi, vumbi la dhahabu, maua yanayomwagika kwenye video za harusi: hivi haviwezi kuziba, na ukivilazimisha vinapoteza uzuri wake. Usivitupe. OBS tangu toleo la 27, la mwaka 2021, ina traki mati kwa ajili ya kazi hii. Pamoja na video ya maua unaipa video ya pili ya nyeusi na nyeupe inayoelekeza kila pikseli: penye nyeusi onyesha sini ya zamani, penye nyeupe onyesha mpya, penye kijivu changanya. Ikija kinyume kuna kisanduku cha kugeuza rangi hizo. Sasa mkato haupo tena mahali pamoja. Picha mpya inaingia ikifuata njia ya maua yenyewe. Video hizo mbili unaweza kuzitoa kwenye faili moja, zikiwa ubavu kwa ubavu au moja juu ya nyingine, lakini hapo picha ya 1920 kwa 1080 inakuwa 3840 kwa 1080 au 1920 kwa 2160. Kompyuta inasoma mara mbili ya kawaida. Mashine ikiwa ya zamani, baki na umbo linaloziba.

Tukija kwenye faili. Hapa ndipo saa nyingi hupotea bure. Umetengeneza nembo inayozunguka kwenye programu ya simu, ukaitoa kama MP4, ukaiweka kwenye OBS, na nembo inakuja imezungukwa na weusi. Hakuna ulipokosea kwenye OBS. MP4 za kawaida zinatumia kodeki ya H.264, na video hizo hazibebi chaneli ya alfa, ile tabaka ya nne inayoambatana na nyekundu, kijani na bluu kueleza kila pikseli ina uzito gani. Uwazi ulifutwa wakati wa kutoa faili, na kubadilisha jina la faili hakuurudishi.

Kinachofaa kinategemea unakokwenda. Kwa OBS, WebM yenye kodeki ya VP9 hubeba alfa na faili linabaki dogo. Kwa Resolume, programu ya wachanganyaji wa picha wa klabu, tumia DXV, kodeki yao wenyewe, ukichagua aina yenye alfa. Alley, programu yao ya bure, inakugeuzia faili. VDMX na nyingine nyingi za wachanganyaji wa picha zinaipenda Hap Alpha, kodeki huria iliyoandikwa na Tom Butterworth kwa msaada wa VIDVOX. ProRes 4444 hubeba alfa safi sana na hupokelewa karibu kila mahali, ila ni nzito. Mimi huiweka kama nakala ya akiba na kurusha nyingine.

Uzito huo si wa kupuuza. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye alfa, bila kubanwa, ni takribani megabaiti 8.3. Kwa fremu 30 hiyo ni karibu megabaiti 250 kila sekunde. VP9 inabana hadi faili linakuwa dogo kabisa, lakini kazi ya kulifungua inaiangukia prosesa, ileile inayohangaika kusimba matangazo yako. DXV na Hap zimechagua upande wa pili: faili ni kubwa, diski inasoma kwa nguvu, lakini kadi ya michoro inazipokea karibu kama zilivyo na prosesa inapumzika. Ndiyo maana mchanganyaji wa picha wa klabu anaweza kuchezesha tabaka nyingi kwa pamoja kwa DXV kwenye mashine ambayo WebM tatu zingeigandisha. Ila awe na diski ya SSD.

Njia ninayoiamini ya kutoa faili ni ya hatua mbili. Kwanza toa mfululizo wa picha za PNG kutoka Blender, ukiwa umewasha usuli wa uwazi kwenye mipangilio ya filamu na kuchagua RGBA. Kisha zifunge kwa FFmpeg:

ffmpeg -framerate 30 -i fremu_%04d.png -c:v libvpx-vp9 -pix_fmt yuva420p -b:v 8M stinga.webm

Ile yuva420p ndiyo inayobeba uwazi; ukiandika yuv420p, bila herufi a, unarudi kwenye weusi. Kwa Hap, badala ya sehemu ya -c:v libvpx-vp9 na zinazofuata weka -c:v hap -format hap_alpha, na faili liishie na .mov. PNG inakuokoa pia na ule ukingo mweusi mwembamba unaozunguka nembo nyingi. Ukingo huo hutokea pale rangi zilipokwisha kuzidishwa kwa alfa mapema, kisha programu inayopokea ikazizidisha tena. Kuzidisha mapema si kosa lenyewe. Thomas Porter na Tom Duff walieleza faida zake mwaka 1984 na filamu nyingi zimejengwa juu ya hesabu yao. Tatizo ni pande mbili kutoelewana. Kanuni za PNG zinataka rangi ambazo hazijazidishwa, basi mjadala unaishia hapo. Ukitumia After Effects, chagua rangi za moja kwa moja, si zilizozidishwa.

Kwenye klabu au tamasha mambo ni mengine, kwa kuwa Resolume haikupi stinga iliyofungashwa kama OBS. Unaijenga kwa tabaka. Picha zako ziko tabaka za chini, pazia liko tabaka la juu kabisa likiwa limewekwa licheze mara moja kisha liondoke. Unabonyeza pazia, likifunga unabonyeza picha mpya chini yake. Mkono wako ndio nukta ya mpito. Hofu ya kuchelewa inaisha ukilipima pazia kwa mdundo badala ya sekunde. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500: pazia la mapigo manne linalofunga kuanzia pigo la pili hadi la tatu linakupa nusu sekunde nzima ya kubonyeza, na sikio linakuambia lini. Weka klipu ifuate mdundo wa programu, nayo itajirefusha na kujifupisha yenyewe muziki ukibadilika. Washa pia BeatSnap, klipu zisubiri pigo hata kama kidole kimetangulia.

Singeli inahitaji hesabu yake. Muziki unaokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika hauachi nafasi: kwa 240, pigo moja ni robo ya sekunde, na pazia la mapigo manne linakuachia robo hiyo tu ya kubonyeza. Tumia mapigo nane au kumi na sita, na usijaribu kubadilisha picha kila mzunguko. Ogopa pia mapazia ya mwanga mweupe unaojaza kioo. Yanaziba vizuri na yanapendeza kwenye laptopu, lakini kwenye ukumbi wenye giza na projekta kubwa yanaumiza macho, na mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde ni hatari kwa wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga.

Klabuni kuna njia ya mkato: video za cheche au miali zilizo kwenye usuli mweusi, bila alfa yoyote, zikichanganywa kwa kujumlisha mwanga. Weusi unatoweka wenyewe. Lakini kujumlisha hakuwezi kuweka giza juu ya mwanga, kwa hiyo pazia la namna hiyo linaziba pale tu linapokuwa jeupe kabisa.

Sauti ya pazia, ule mvumo wa "shwaa", ni suala la mahali. Kwenye mechi sawa. Kwenye ibada au msiba iondoe kabisa kwenye faili, usitegemee kuishusha. Na hakikisha sauti ya mikseta imewekwa kama sauti ya jumla ya OBS, si ndani ya sini moja. La sivyo mahubiri yatafifia kila pazia linapopita.

Sasa, lini litumike? Televisheni haiweki nembo kati ya kamera ya kulia na ya kushoto. Inaiweka kwenda kwenye marudio na kurudi, yaani wakati au mahali pamebadilika. Fuata hivyo. Kamera mbili za ukumbi mmoja zikatiwe mkato mkavu; pazia liwe la kutoka msikitini kwenda ukumbini, kutoka hotuba kwenda kwenye video ya kumbukumbu. OBS inakuwezesha kuipa sini ya marudio mpito wake wa kudumu, hivyo kila ukiingia stinga inajiendesha. Kurudi si hivyo: mpito huo ni wa kuingia tu, na ukirudi kamerani unapata ule wa kawaida. Ongeza stinga kwenye mipito ya haraka ya Studio Mode na uipe kitufe cha kibodi, urudi kwa kitufe hicho.

Kabla ya kwenda hewani lichezeshe pazia mara moja bila watu kuona, maana mara ya kwanza mashine husoma faili kutoka diski na inaweza kukwama. Halafu rusha jaribio la faragha kwa intaneti ileile utakayoitumia siku ya shughuli na ulitazame kwenye simu. Ukirusha kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde kupitia modemu ya 4G, vipande elfu vya dhahabu vinavyoruka vitageuka matofali ya rangi, na picha itakayofuata itabaki na ukungu kwa muda kabla ya kukaa sawa. Umbo kubwa la rangi moja au mbili, lenye ukingo safi, halina shida hiyo. Tengeneza matoleo mawili: lenye mapambo kwa projekta ya ukumbini, na lililo tupu kwa watakaotazama kwa simu.