KWA NINI MUNGU ANARUHUSU UPOFU?

Somo: Yohana 9:1-7

Hapa Buigiri ipo shule ya watoto wasioona, hivyo swali hili si geni kwetu: ikiwa Mungu ni upendo, mbona mtoto akose macho?

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitafuta mkosaji: yeye au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Kisha akampaka tope machoni, akamtuma akanawe.

Mkoa wetu wa Dodoma unaijua trakoma. Bakteria wake huenezwa kwa mikono, nguo na nzi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ukubwani kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho hadi asione. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa dawa ikiambatana na kunawisha watoto uso, trakoma kali hupungua kuliko dawa peke yake.

Mama ambaye mwanawe amezaliwa haoni hatuna maelezo ya kumpa. Basi tusimtwishe lawama. Lakini watu wanapopofuka kwa kukosa maji na dawa, tusiseme ni mapenzi ya Mungu, tukakaa. Kristo aliyeteseka msalabani yuko pamoja na wanaoteseka, na ndiye anayetutuma kwao.

Kamati zijadili:
1. Ni mtoto gani asiyeona kijijini kwetu hajapelekwa shule?
2. Ni kaya zipi hazina maji ya kunawa?