Kumfariji Mwenye Sonona



Hapa Maganzo mgonjwa wa namna hii tunampokea mara nyingi. Ni baba wa makamo, mchimbaji mdogo wa almasi. Analalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na mwili kuchoka. Tunapima malaria, hakuna. Baada ya wiki anarudi, safari hii anataka apimwe taifodi. Mwishowe mkewe ndiye anayesema: baba huyu huamka saa tisa usiku akakaa uani peke yake, chakula hagusi, hata ng'ombe akizaa hafurahi. Ndugu wameshauza mbuzi wawili kwa mganga wa kienyeji, wakidhani amelogwa. Ugonjwa huo unaitwa sonona.

Si kila huzuni ni sonona. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipobomoka na tope likafunika nyumba na mashamba ya jirani zetu, waliolia walikuwa na haki ya kulia. Lakini huzuni ikimkaa mtu karibu siku nzima, kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, ikamnyima usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kazi, huyo apelekwe hospitali. Wengine hupatwa bila msiba wowote, na baadhi ya akina mama hupatwa baada ya kujifungua.

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Wanajumuiya humtembelea mgonjwa kwa nia njema, kisha humwambia kwamba imani yake ni haba, afunge siku tatu. Mtu asiyekula anaagizwa kufunga! Naye tayari anajiona hafai mbele ya Mungu na watu. Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili na kumlisha. Mazungumzo na Mungu yalifuata baadaye, kule mlima Horebu. Sisi wauguzi tunaupenda sana utaratibu huo.

Basi mkienda kwa mgonjwa, nendeni na uji. Ketini naye, msimlazimishe kusema. Salini kwa ufupi. Baba Yetu moja yatosha, maana huenda akili yake haiwezi kufuata rozari nzima, wala asihesabu hilo kuwa dhambi. Pombe ya kumsahaulisha msimpe, humzidishia.

Hospitalini anaweza kupewa dawa kama amitriptilini au fluoksetini. Hazitulizi siku ile ile kama dawa ya kichwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya majuma 2 hadi 4. Wengi huziacha siku ya tano. Wengine huziacha wakishapata nafuu, na ugonjwa hurudi. Zitumike miezi isiyopungua 6 baada ya nafuu, na ziachwe kwa maelekezo ya daktari tu. Ikihitajika rufaa, Bugando kule Mwanza wako madaktari wa magonjwa ya akili.

Je, anawaza kujiua? Mwulizeni waziwazi, kwa upole. Swali halimpandii wazo hilo; wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Na familia zilizokwisha kufiwa hivyo zisijifiche. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, yafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya akili yaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa humwombea. Nendeni kwa padre mkaombe Misa bila aibu.

Mgonjwa akikiri kwamba anawaza hivyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vyake ashike mtu mwingine, kwani amitriptilini nyingi ikimezwa kwa mara moja inaua. Na ile dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita, iliyowekwa chini ya kitanda, itoeni nyumbani leo, ikafungiwe kwa kufuli mahali asipopafikia.